Nimekula, Nimeshiba

Siku Prudencia alipokuja Buswelu na kopo la senene, panzi wa kukaanga wa kwao, ndiyo siku Sabina alipojua kwamba rafiki yake anaweza kumnyang'anya hata mama.

Hebu fikiria. Mama yake, Getruda, si mwanamke wa kucheka ovyo. Watoto wake walijifunza kusoma nyusi zake kabla hawajajua kusoma herufi. Asubuhi ile alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya jiko akichambua mchele, kimya, kama kawaida yake. Prudencia akaingia uani na viatu vyake vyeupe, akapiga magoti kabisa kwenye vumbi, akasema, "Mwangaluka, mayu!" Kisukuma cha kuokoteza, sauti inapanda pale inapotakiwa kushuka. Mhaya wa watu! Mama akaweka ungo chini, akacheka mpaka kilemba kikalegea.

"Mwangaluka, mwanangu. Nani kakufundisha?"

"Sabina, mama. Ila ni mwalimu mchoyo huyu, ananipa neno moja kwa mwezi."

Wakacheka wote wawili. Sabina naye akacheka, maana usipocheka unaonekana.

Kisha mama akauliza lile swali ambalo kila anayeingia nyumba ile lazima aulizwe. "Umekula?"

"Sijala, mama!" Prudencia akasema, mkono tumboni. "Tangu nimeamka sijatia kitu mdomoni. Njaa inaniuma hiyo!"

Sabina akazitazama nyusi za mama yake, akasubiri.

Maana katika nyumba ile swali hilo lilikuwa na jibu moja tu. Sabina akiwa hajaanza hata shule, walikwenda kwa jirani, mama Mayala, naye mama Mayala akauliza kama mtoto amekula. Sabina akasema ukweli: hapana. Mama yake akaendelea kutabasamu na mwenyeji, huku chini ya meza vidole viwili vikitafuta nyama ya paja la mtoto. Alifinywa, jamani, akafinyika. Walipofika nyumbani akaambiwa, "Unataka watu waseme sikulishi?" Tangu hapo, kanisani, msibani, harusini, jibu likawa lile lile, kwa sauti ya nguvu na kidevu juu: nimekula, nimeshiba. Hata kama utumbo unasaga hewa. Wala si nyumba yao peke yake. Watoto wote aliokua nao walilelewa hivyo, na wakubwa walijua. Kazi ya mwenyeji ilikuwa kutokuamini: aulize mara ya pili, ya tatu, kisha aweke chakula mbele yako bila kuuliza tena. Ndivyo heshima ilivyokwenda pande zote mbili.

Sasa huyu anasema sijala, na nyusi za mama hazikusogea!

"Mtoto mkweli huyu," mama akasema. "Sabina, mwandalie mwenzako. Unaona anavyosema? Si kama ninyi, kila kitu mnaficha."

Si kama ninyi! Na aliyewafinya ni nani?

"Kwetu Muleba tuko tisa, mama," Prudencia akaeleza akiosha mikono. "Ukisema umeshiba, wenzako wanakuamini."

Mama akacheka tena. Sabina aliingia jikoni akapakua wali, na maharage akayapakua machache makusudi. Kisha akaona aibu, akaongeza. Kisha akaona hasira kwa nini ameongeza.

Wivu ndivyo ulivyo. Haukai mahali pamoja, na wala hauombi ruhusa.

Walikuwa wamefahamiana mwaka wa kwanza, katika chuo kikuu kimoja huko Nyegezi, wakapangiwa chumba kimoja. Wote wawili walitaka udaktari tangu sekondari, na wote wawili walikosa alama za kuingilia baada ya kidato cha sita. Prudencia alikosa kwa sababu aliugua malaria siku ya mtihani wa Fizikia. Sabina hakuugua kitu. Alikosa tu. Wakachukua shahada ya kwanza ya sayansi, wakaapiana kwamba wakimaliza wataingia udaktari kwa mlango huo wa nyuma. Sasa walikuwa mwaka wa tatu, wa mwisho, na mlango ulikuwa mbele yao.

Kusoma walisoma. Ukutani walibandika mchoro wa moyo wa mtu, mkubwa, Prudencia kauchora kwa kalamu nyekundu na ya bluu. Majina ya mifupa Prudencia aliyatungia wimbo, akauimba akifua, akauimba akisuka nywele, na siku ya mtihani akaandika yote. Sabina aliyaandika yale yale mpaka kidole kikaota sugu, akapata alama chini ya mwenzake. Kila mara chini ya mwenzake. Muhula mmoja tu Prudencia alianguka somo la takwimu, akalia kitandani usiku kucha. Sabina alimpigapiga mgongoni akisema pole, pole shosti, na ndani ya kifua chake kitu kilikuwa kinacheza ngoma. Alijichukia kwa hilo. Lakini alijichukia kidogo tu.

Kilichokuwa mezani ni hiki. Upande wa Igombe, kando ya ziwa, palikuwa na kituo cha afya cha masista, na mkuu wake alikuwa Daktari Sista Bernadetta, mama mfupi, mnene, mwenye hatua za haraka. Kila mwaka shirika la masista lilimpeleka kijana mmoja kusomea udaktari. Wanakulipia kila kitu, nawe ukimaliza unarudi kuwatumikia. Mmoja tu. Na aliyekuwa anachagua ni Sista Bernadetta, kutoka kwa wanafunzi waliokuja kujitolea likizo. Mwaka ule walikuja wawili. Unawajua.

Prudencia hata akikosa, alikuwa na baba mdogo daktari Bukoba, asingemwacha. Sabina alikuwa na nani? Ng'ombe wa baba yake walishaisha kwa kusomesha kaka zake. Akikosa hapa, atafundisha Biolojia mahali fulani, atawapeleka watoto wa wenzake mpaka kwenye mlango wa udaktari, na yeye atabaki nje. Hilo wazo lilimnyima usingizi.

Na Sista naye, loh! Alikuwa Mhaya. Asubuhi kwenye chai yeye na Prudencia walichanganya Kihaya, wakacheka mambo ya kwao, ndizi zao, kahawa yao, padre fulani aliyekuwa anasinzia akihubiri. Wakikumbuka walirudi kwenye Kiswahili, na Sabina akatabasamu kana kwamba hajali. Sista alimwita Prudencia "daktari wangu." Naye Sabina, Sista alimwita "binti" tu. Binti lete bakuli, binti funga dirisha.

Hata wagonjwa! Palikuwa na bibi mmoja wa presha, Msukuma asiyejua Kiswahili sawasawa. Sabina akasema moyoni, huyu ni wangu, huyu hamnipokonyi. Akamsalimia kwa Kisukuma safi, na heshima zote. Bibi akaitikia vizuri, kisha akanyoosha shingo kuangalia nyuma yake. "Yuko wapi yule Mhaya anayenichekesha?" akauliza. "Nipimwe na yule."

Sabina alikwenda nyuma ya kituo, kwenye kamba za nguo, akasimama katikati ya mashuka yaliyolowa. Alikaa hapo mpaka uso ukapoa.

Wiki ya mwisho ya likizo ikawa ya dawa za kichocho. Huku ziwani kichocho hakimwachi mtu. Watoto wanaoga humo, wanachota humo, wanacheza humo. Kwa hiyo watoto wa shule hupewa vidonge, na vidonge vyenyewe ni vikubwa, vichungu. Mtoto hapimwi kwa mizani, anasimamishwa kwenye ubao mrefu uliochorwa mistari, na mstari unaofikiwa na kichwa chake ndio unaosema ameze vingapi. Kazi rahisi. Ina sharti moja tu, na Sista alilirudia mpaka ndani ya gari.

"Hakuna mtoto kumeza akiwa na njaa. Mmenisikia? Dawa hii ikikuta tumbo tupu inamwangusha mtoto. Wakishakunywa uji wa shule, ndipo tunaanza."

"Ndiyo, Sista."

"Na leo nawaangalia ninyi kuliko watoto," akasema, akacheka kidogo. "Kesho nampigia simu Mama Mkuu wa shirika kumpa jina."

Sabina hakuwa amekunywa hata chai alfajiri ile. Prudencia alimsukumia kikombe, yeye akasema atakula akirudi. Prudencia naye alishindwa kula. Ilikuwa hofu ya jina hilo.

Shuleni walikuta watoto wamejipanga mistari uwanjani, sare zimelowa mabegani kwa manyunyu. Kabla hata hawajashusha makopo ya dawa, simu ya Sista ikaita: kituoni kaletwa mama mjamzito, mtoto amekaa vibaya. Sista akapanda gari tena. Akatoa kichwa dirishani.

"Prudencia, wewe ndiye kiongozi. Sabina, simamia ubao."

Basi. Maneno machache tu, tena ya mtu mwenye haraka. Lakini kwa Sabina ilikuwa kana kwamba simu ya Mama Mkuu imeshapigwa, jina limeshatajwa, na yeye ameambiwa ashike ubao. Simamia ubao! Kazi ya nguzo!

Mwalimu wa zamu, Revocatus, akaja akijifuta mikono. "Uji leo umechelewa," akasema. "Kuni zimelowa, moto unagoma. Lakini wengi wanakula makwao. Na mimi wakishaingia madarasani sitawapata tena, mitihani inaanza."

Prudencia akauma midomo. Akatazama moshi uliokuwa unatambaa kutoka jikoni. Kisha akafanya jambo ambalo kwake lilikuwa la busara kabisa: akasimama mbele ya watoto, akatabasamu lile tabasamu lake, akapaza sauti.

"Watoto! Asubuhi hii mmekula nyumbani?"

"Ndiyooo!" uwanja mzima ukaitikia.

"Mmeshiba?"

"Tumeshibaaa!"

Sauti ya nguvu, videvu juu. Sabina aliijua sauti ile. Aliijua kama anavyoijua sauti yake mwenyewe, kwa sababu ndiyo ilikuwa sauti yake. Alisikia kufinywa pajani. Nyuma ya ile ndiyo aliwaona mama zao wote, waliokwenda mwaloni, kando ya ziwa, kuanika dagaa kabla hapajapambazuka bila kuwasha moto nyumbani. Mgeni kavaa koti jeupe, kaja na gari, anauliza mbele ya mwalimu na mbele ya shule nzima kama umekula. Utajibu nini, mtoto uliyefunzwa?

"Unaona," mwalimu akasema.

Lakini Prudencia hakuridhika moja kwa moja. Hapa ndipo penyewe. Aligeuka, akamtafuta Sabina kwa macho, akamwuliza mbele ya mwalimu, "Unaonaje, Sabina? Tuanze?"

Neno moja lingetosha. Waulize tena. Hata hilo, waulize tena.

Sabina akasikia sauti ya Sista: wewe ndiye kiongozi. Akasikia mama yake: si kama ninyi. Akasikia bibi wa presha.

"Wewe ndiye kiongozi," akasema.

Prudencia akamtazama kidogo, kisha akafungua kopo.

Wakaanza. Mtoto anakuja, anasimama ubaoni, Sabina anaweka kiganja juu ya kichwa, anataja idadi, mtoto anakwenda kwa Prudencia kumeza. Usidhani Sabina hakuwa akiona. Aliona midomo mikavu. Aliona vile wanavyogeuza shingo kila upepo ukileta harufu ya jikoni. Alikuja msichana mmoja wa darasa la pili, mwembamba, sweta la kaka yake limemfika magotini.

"Unaitwa nani?"

"Queen."

Tumbo la Queen likanguruma, kwa sauti, wote wawili wakalisikia. Mtoto akalishika kwa mikono miwili, akatazama chini kwa aibu, kana kwamba amefumaniwa anaiba.

Bado naweza kuipata ile nafasi, Sabina akajiambia. Watatapika mmoja wawili tu, hakuna atakayekufa. Sista atarudi aone nani kakiuka sharti. Si mimi niliyefungua kopo. Mimi nimesimamia ubao.

Akataja idadi. Queen akaenda.

Haikuchukua muda. Mmoja alitapika ukutani, mwingine akafuata, kisha ikawa kama mmoja anamwambukiza mwenzake. Watoto wameinama, wameshika matumbo, wanalia wakiita mama. Mwalimu Revocatus anakimbia huku na huku. Prudencia kasimama na kopo mkononi, uso umempauka. Na kule mwisho wa mstari Queen alikaa chini polepole, akalala ubavu, akaacha kusogea.

Hapo Sabina akaamka. Nisimwonee, hapo alifanya kazi. Aliangusha ubao, akambeba yule mtoto kivulini, akamgeuza asipaliwe. Akawatuma wakubwa wakalete uji hata kama haujaiva, akapiga kelele iletwe sukari, akakoroga na maji, akapita mtoto kwa mtoto. Akasimamisha bodaboda, akapanda na Queen mapajani mpaka kituoni, akimpulizia usoni, akimsemesha kwa Kisukuma njia nzima. "Nilale!" mtoto akasema mara moja, kwa sauti ndogo. "Usilale, mdogo wangu," Sabina akamwambia, na machozi yaliyomtoka yalikuwa ya kweli.

Mpaka mchana watoto wote walikuwa wametulia. Wamelala madarasani, wamekunywa uji, wengine wameshaanza kufukuzana. Queen alikuwa wodini na dripu mkononi, amelala usingizi wa kawaida, mama yake kando ya kitanda na magamba ya dagaa bado mikononi. Hakuna aliyekufa. Sista alikwenda kitanda hadi dirisha, dirisha hadi kitanda, akampima tena na tena.

Prudencia alimkuta Sabina kwenye korido. Alikuwa amelia mpaka macho yamevimba.

"Kwa nini walisema wamekula?" akauliza. "Sabina, wote! Wote walisema. Kwa nini?"

"Watoto ndivyo walivyo," Sabina akasema. "Waongo tu. Usijilaumu."

"Nimemwambia Sista kosa ni langu. Nimemwambia alituachia sharti, mimi nikaenda na maneno ya watoto. Sitaki kujitetea." Akajifuta na kiganja. "Unajua, sistahili. Nafasi ni yako. Bila wewe leo ningeua mtoto."

Akamkumbatia. Sabina akasimama ndani ya mikono ile, mikono yake mwenyewe ikining'inia. Alikuwa amesubiri maneno yale miaka mitatu, nafasi ni yako, na sasa yamekuja hayana utamu wowote. Au tuseme utamu ulikuwepo. Ndicho kilichomtisha.

Sista akapita, akasimama. Akamwekea Sabina mkono begani.

"Leo umenisimamia, daktari," akasema. "Njooni mezani, wote wawili. Tuzungumze."

Daktari! Sabina alimfuata.

Chumba cha kulia cha masista kinatazamana na wodi ya watoto. Katikati ni ua mdogo tu wenye maua, na madirisha yote yalikuwa wazi. Mpishi alikwishaweka ugali na sato wa mchuzi. Sista akafunga mikono, akasali kifupi, akachukua upawa.

"Kabla sijasema neno," akasema, "mmekula leo?"

"Sijala, Sista," Prudencia akasema. "Tangu jana."

"Na wewe, Sabina?"

"Nimekula, Sista, nimeshiba."

Lilitoka lenyewe. Sauti ya nguvu, kidevu juu. Wala hakulifikiria, kama mtu asivyofikiria kupepesa jicho.

Prudencia akamgeukia. Hakuwa na ubaya wowote, alishangaa tu, tena kwa sauti ya kumhurumia. "Umekula saa ngapi, Sabina? Si tumetoka wote alfajiri, hata chai uliikataa? Ulisema utakula tukirudi."

Upawa wa Sista ukabaki hewani.

"Hujala?"

"Sijala, Sista."

"Sasa kwa nini umesema umekula?"

Angeweza kusema hana hamu. Angeweza kusema tumbo linamuuma. Lakini alikuwa amechoka, na hajala, na mtu akichoka hutoa kilicho karibu.

"Ndivyo tulivyolelewa, Sista. Mtoto akiulizwa na mgeni..."

Akanyamaza. Amechelewa.

"Malizia," Sista akasema taratibu.

"Mtoto akiulizwa na mgeni kama amekula, anasema amekula."

"Watoto wa wapi?"

"Wa huku kwetu."

"Wote?"

"Waliolelewa vizuri, Sista."

Mvuke wa ugali ukapanda. Prudencia aliweka kijiko chini kwa uangalifu, kana kwamba kitavunjika.

"Nilikuuliza," akasema. Sauti yake haikupanda kabisa, na afadhali ingepanda. "Niligeuka nikakuuliza, Sabina. Unaonaje, nikasema. Na sasa hivi kwenye korido ukaniambia watoto ni waongo."

Sabina alitaka kusema samahani, lakini neno lilikuwa dogo mno, akaona haya kulitoa.

Sista akapakua. Akampakulia Prudencia, kisha akampakulia Sabina ugali mkubwa na kichwa cha sato, sehemu ya mgeni wa heshima, akamsogezea mbele.

"Prudencia alikosea kwa kutojua," akasema. "Na kwa kuvunja sharti langu, hilo nitamsema, na atalia tena. Lakini hilo nina dawa yake. Nitakaa naye, nitamfundisha. La kwako, binti, mimi sina dawa yake."

Binti. Sabina alilisikia likirudi mahali pake.

"Kula," Sista akasema. "Hapa hatuulizi mara ya pili."

Akamega tonge. Akalitia mdomoni, likazunguka, likagoma kushuka. Alitazama dirishani ili asiwatazame, na kutoka wodini, ng'ambo ya maua, sauti za watu zikaja waziwazi. Mtoto alikuwa ameamka. Muuguzi, kijana wa kutoka mbali aliyeletwa mwezi ule ule, alikuwa anaongea naye kwa furaha.

"Oho, Queen ameamka! Haya mrembo, umekula?"

Na sauti ndogo, dhaifu, lakini yenye adabu zote: "Nimekula, nimeshiba."

"Safi sana! Basi pumzika."

Sabina akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Hajala," akasema, tonge bado shavuni. "Sista, yule hajala! Anadanganya, hajala tangu jana, mama yake anaona haya kusema mbele yetu. Mpeni uji. Waambieni wampe uji!"

Prudencia alikwishainuka. Alichukua bakuli kwenye kabati, akachota uji kwenye sufuria ya masista, akaonja kama una sukari ya kutosha. Kisha akatoka nao, akapita nyuma ya Sabina bila kumgusa, na kupitia dirishani wakamwona akivuka ua, hatua za haraka, akiwa ameliziba bakuli kwa kiganja lisimwagike.

"Queen," wakamsikia akisema, "mimi sikuulizi. Fungua mdomo."